Bure Yenye Orodha

Januari hapa Gungu, Kigoma, watu hupunguza kusalimiana. Wanaume waliokuwa wakikumbatiana sikukuu ya mwaka mpya hupishana njiani macho yakiwa chini, kila mmoja akichelea mwenzake asije akamwomba mkopo wa kumpeleka mtoto shule. Na shule yenyewe ni ya bure. Nalisema hili mapema nisije nikaitwa mpotoshaji: elimu ni bila ada tangu Januari 2016, kuanzia awali hadi kidato cha nne, na kuanzia mwaka wa fedha 2022/23 hadi kidato cha sita. Ada iliyofutwa kwa sekondari ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka. Sina ugomvi na waraka uliofuta ada hiyo. Ugomvi wangu ni na karatasi iliyobanwa nyuma yake kwa pini.

Karatasi hiyo ndiyo fomu ya kujiunga. Kijana wangu mkubwa ameanza kidato cha kwanza mwaka huu, kwenye shule ambayo jina lake nalihifadhi kwa sababu bado yumo humo. Ukurasa wa kwanza wa fomu unampongeza mtoto. Unaofuata unampongeza mzazi. Kisha zinaanza rimu mbili za karatasi, jembe na mpini wake, ufagio wa chelewa, ufagio wa ndani, fyekeo, ndoo yenye mfuniko, sare za aina tatu, fulana ya michezo yenye nembo ambayo mji mzima inauzwa na mtu mmoja tu, na mwishoni, kwa herufi kubwa, meza na kiti. Nilipofika kwenye fyekeo nilimuuliza mke wangu kama kijana amechaguliwa kwenda sekondari au amepangiwa shamba la michikichi. Akaniambia nimalize kusoma kwanza. Nikamaliza. Mstari wa mwisho unamkumbusha mzazi kwamba elimu inatolewa bila malipo.

Sasa, mimi ni seremala. Msomaji mjanja ameshaanza kusema moyoni: huyu naye analalamika nini, meza na viti si soko lake? Ni soko, sikatai. Lakini wateja wangu wote ni majirani, na jirani hulipa kwa ahadi. Januari nimelipwa kwa dagaa, nimelipwa kwa dumu la mawese, na mmoja alinilipa kwa kuniombea dua ndefu ambayo sina hakika kama ilikuwa ya meza au ya kiti. Kinachoninyima usingizi ni hesabu. Tuseme shule inapokea watoto mia mbili kila mwaka na kila mmoja anakuja na meza yake na kiti chake. Watoto wa kidato cha nne wakimaliza hawaondoki na meza kichwani, zinabaki. Kwa hiyo mwaka wa tano shule ingekuwa na meza za kutosha kila mtu, na fomu ingepungua mstari mmoja. Mbona haipungui? Swali hili nilimpelekea mwalimu wa hisabati mwenyewe. Akatabasamu, akasema ni swali zuri. Kwenye ofisi za umma ukiambiwa swali lako ni zuri, ujue umeshajibiwa.

Nalijua vizuri hili la samani za shule kwa sababu nimelila. Mwaka 2016 Hayati Rais Magufuli aliagiza upungufu wa madawati umalizwe nchi nzima ifikapo Juni 30, na Bunge likabana matumizi yake likamkabidhi shilingi bilioni 6 za madawati. Miezi ile seremala alikuwa mtu. Tuliamshwa usiku kuulizwa maendeleo, wakuu walikuja kupiga picha na randa zetu, na mbao zilipanda bei hadi nyingine zikapigwa misumari zikiwa bado mbichi. Mimi huweka alama yangu chini ya kila kitu ninachotengeneza, mikato mitatu ya patasi. Juzi nimekaa kwenye benchi la kijiwe cha bodaboda, nikapapasa chini nikaikuta mikato mitatu. Lilikuwa dawati, wamelitoa meza ya mbele. Nikauliza limetoka wapi. Wakasema wamelikuta. Ni imara bado, nashukuru.

Basi tuje kwenye mkutano wa wazazi.

Mkutano huitwa saa tatu asubuhi na huanza saa tano. Ajenda ya kwanza ni kufungua. Ya pili ni salamu za viongozi, na kila kiongozi anazo, na kila mmoja anasema hana maneno mengi. Ya tatu ni taaluma, ambapo tunaelezwa kuwa watoto wamefeli kwa sababu yetu. Ya nne ni michango. Ya tano ni mengineyo. Mapato na matumizi ya michango ya mwaka jana hayamo. Ukiuliza unaambiwa yatakuja kwenye mengineyo, na mengineyo hayajawahi kufikiwa. Ama wingu linakuja kutoka upande wa ziwa, ama adhana ya adhuhuri inasikika, ama mgeni rasmi ana kikao kingine manispaa. Nadhani wapo wazazi waliosomesha watoto watano mpaka wakamaliza bila kuonana na mengineyo uso kwa uso.

Na michango yenyewe ni mingi: mlinzi, uji, makande, mitihani ya kila mwezi, masomo ya ziada, walimu wa kujitolea, kwa maana Serikali ina upungufu wa walimu na kujitolea kwao kuna bei. Januari 2018 Magufuli aliipiga marufuku michango ya shule kwa ukali wake ule mnaoujua. Ikanyamaza. Ilipotulia vumbi ikarudi imeshika muhtasari wa kikao, imesainiwa na wazazi wenyewe, kwamba tumekubaliana kwa hiari. Ya 2024 ndiyo iliyonichosha kabisa. Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, miezi mitatu mizima, samaki wapate kuzaliana. Kwenye mwalo wa Kibirizi kulikuwa kimya, akina mama wa migebuka wamekaa na mabeseni matupu, wenye mitumbwi wanacheza bao. Ziwa lilifungwa, daftari la michango halikufungwa. Mtoto wa mvuvi alirudishwa nyumbani kufuata pesa ya uji wakati baba yake yuko nyumbani hana pesa ya uji.

Mkutano wa safari hii niliamua sitasubiri mengineyo. Ajenda ya nne ilipoanza nilinyoosha mkono, nikasimama, nikasalimu kwa adabu, nikasema: Mheshimiwa mwenyekiti, kabla hatujaongeza, tusomewe kwanza tuliyochanga mwaka jana yamefanya nini. Ukumbi ukatulia. Mwenyekiti wa kamati akavua miwani akanitazama. "Mzee wangu, samahani, hivi wewe ni wa chama gani?"

Nikajibu ni wa chama cha randa na msumeno. Wazazi wakacheka, mwenyekiti akacheka kutuzidi, na kicheko hicho kikatumika kufungia ajenda.

Lakini mama mmoja aliyekaa nyuma yangu hakucheka. Alinivuta shati taratibu, akaninong'oneza, "Kaka, kaa chini. Mtoto wako bado yumo." Hapo ndipo nilipokaa. Mwenyekiti wa kamati hanitishi, deni la kabati lake liko kwenye daftari langu. Ila yule mama ameona zaidi yangu, na anaijua sababu inayowafanya wazazi mia tatu wenye akili zao wapige makofi wakisomewa michango mipya. Mtoto yuko mikononi mwao kuanzia asubuhi hadi jioni. Nani atajifanya shujaa wa hesabu, kisha mtoto wake akose wa kumsahihishia daftari?

Sasa nitasema jambo litakalowaudhi wenzangu wa kijiweni, wanaoamini kila mwalimu mkuu ana nyumba ya siri. Mimi siamini. Mwalimu mkuu namhurumia. Ruzuku ya uendeshaji imewekwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na 25,000 kwa wa sekondari. Hiyo 10,000 ni kiwango cha enzi za MMEM, mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi wa mwanzoni mwa miaka ya 2000, nauli zilipokuwa za kuchekesha. Na mpango wa bila ada ulipoanza 2016, katika 10,000 hiyo 4,000 zilibakizwa juu kwa ajili ya vitabu, shuleni zikashuka 6,000. Gawanya kwa siku za masomo za mwaka, ambazo hazifiki mia mbili. Unapata kama shilingi 30 kwa mtoto kwa siku. Kwa hizo mwalimu mkuu anunue chaki, achape mitihani, akarabati mlango, apeleke timu kwenye michezo. Shilingi 30 Gungu hainunui andazi. Hata sarafu yake haipo.

Madarasa tumejengewa, sitakuwa mchoyo wa shukrani. Mwaka 2021 mkopo wa UVIKO-19, shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, ulijenga madarasa 15,000 nchi nzima, na mengine yakaja kwa miradi ya SEQUIP na BOOST. Kila jengo lina kibao. Kibao kinasema fedha zimetoka wapi, ni kiasi gani, mradi unaitwaje. Mkopo wa Washington unaandikiwa kibao ukutani, mchango wa mama muuza dagaa hauandikiwi hata nyuma ya kalenda. Mkopeshaji wa ng'ambo akiuliza anaitwa mdau wa maendeleo. Mimi nikiuliza naulizwa chama.

Na ajabu ni kwamba mji huu ndio uliowahi kuwa darasa la uwazi la dunia. Wengine mmesahau. Mwaka 2016 mpango wa kimataifa wa uendeshaji wa serikali kwa uwazi, OGP, ulichagua serikali 15 za chini ya taifa zianze majaribio. Walikuwamo Paris, Madrid, Seoul, São Paulo, Buenos Aires. Na sisi Kigoma-Ujiji, mwisho wa reli! Kutoka Afrika tulikuwa watatu tu: sisi, Elgeyo Marakwet ya Kenya na Sekondi-Takoradi ya Ghana. Halmashauri yetu wakati huo ilikuwa ya chama cha ACT-Wazalendo, na majivuno yetu ya leka dutigite yalikuwa yametukolea hasa. Mwaka uliofuata Tanzania ikajitoa kwenye mpango, manispaa nayo ikabidi inyanyuke mezani. Sijui Paris walitukumbuka kwa muda gani. Mimi nilikwenda kuangalia ubao wa matangazo wa mtaa. Una fremu nzuri, si kazi yangu lakini ni nzuri, una kioo, na kioo kina kufuli. Ndani kuna tangazo la chanjo iliyokwisha kutolewa, ratiba ya Mwenge wa Uhuru uliokwisha kupita na orodha ya wapiga kura wa uchaguzi wa mitaa wa Novemba 2024. Nikaomba ufunguo. Anao mtendaji aliyehamishwa.

Mwaka huohuo wa 2016, kwa taarifa ya wanaoniuliza chama, Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa. Mwananchi anaandika barua, ofisi ya umma inatakiwa imjibu ndani ya siku 30. Haikuandikwa mahali popote kwamba aanze kwa kutaja chama chake.

Kijana wa jirani anayesoma chuo alinipa kisa kingine, cha India. Sisi hapa India tunaijua kwa filamu na kwa hospitali, na tangu 2023 kwa chuo chao cha IIT Madras kilichofungua tawi Zanzibar. Kumbe wana somo jingine ambalo hawakulipakia melini. Huko jimbo la Rajasthan, vijijini kwenye ukame, watu walikuwa wakifanya kazi za umma za barabara na mabwawa na kulipwa pungufu. Wakiuliza, wanaambiwa vitabu vinaonyesha wamelipwa. Wakasema basi tuonyesheni vitabu. Vitabu ni siri ya Serikali. Kulikuwa na mama mmoja, Aruna Roy, aliyekuwa ofisa mkubwa serikalini akaacha kazi akaenda kuishi nao, wakaanzisha umoja wa wakulima na vibarua. Kuanzia 1994 wakawa wanafanya mikutano ya hadhara yenye ajenda moja tu: kusoma hesabu kwa sauti. Karatasi walizofanikiwa kuzipata zilisomwa mstari kwa mstari mbele ya kijiji kizima. Fulani bin fulani, amelipwa siku kadhaa za kubeba mawe. Kijiji kinajibu: huyo amekufa zamani. Jengo fulani, limemalizwa. Kijiji kinageuka kutazama: hakuna jengo. Mwaka 1996 walikaa siku 40 barabarani katika mji wa Beawar wakidai haki ya kupata nakala. Ikawa hoja ya nchi nzima, na 2005 India ikawa na sheria ambayo kwayo mwananchi yeyote analipa rupia 10, fukara asiye na viatu halipi kitu, na anajibiwa ndani ya siku 30.

Sisemi India ni pepo. Wana wizi wao na shule zao mbovu. Lakini nilipokisikia kisa kile nilielewa kwa nini mengineyo hayafikiwi. Hesabu ikiwa kabatini, mkaguzi anakuja mara moja kwa mwaka, ni mgeni, hajui bei ya kitu chochote hapa. Ikisomwa mbele ya wazazi wa Gungu, kila mstari unamkuta mtaalamu wake amekaa. Maharage ya makande gunia mbili? Mama wa gengeni anajua bei ya siku ile na kiasi cha wadudu. Mchanga tripu tano? Dereva wa Fuso yupo, anakumbuka alipeleka ngapi. Nauli ya kupeleka mitihani? Bodaboda aliyebeba yupo. Ukarabati wa madawati sitini? Hapo nitasimama mimi, nitaomba tuyageuze chini juu. Mkutano mmoja wa namna hiyo unaweza kumaliza kazi ya ofisi nzima ya ukaguzi, na hauhitaji posho, ni maji ya kunywa tu.

Tena ungemsaidia mwalimu mkuu kuliko mtu yeyote. Siku wazazi wakisikia kwa masikio yao kwamba zilikuja shilingi 6,000 za mtoto na chaki peke yake zilimeza kiasi gani, maneno ya kijiweni yatakwisha na mchango utatoka bila mgambo. Watu wa Kigoma si wachoyo. Tumechangia harusi za watu tusiowajua.

Haraka yangu ina sababu ya nyumbani. Nina wengine wawili wanaofuatana, mmoja darasa la sita na mmoja la tano. Chini ya sera ya elimu toleo la 2023 na mitaala iliyoanza Januari 2024, elimu ya msingi inapungua kuwa miaka sita. Wangu wa darasa la tano yumo katika kundi la kwanza la mtaala mpya, atamaliza darasa la sita mwaka 2027. Kaka yake yumo katika kundi la mwisho la mtaala wa zamani, atamaliza la saba mwaka huohuo. Januari 2028 wote wawili wanaingia kidato cha kwanza siku moja. Mke wangu anasema yeye alizaa watoto wawili kwa nyakati mbili, Wizara ndiyo iliyowafanya mapacha. Na mapacha wa nchi nzima watafika mlangoni pamoja, madarasa mawili kwenye nafasi ya moja, kila mtoto ameshika fomu. Rimu nne. Majembe mawili. Fyekeo mbili. Meza mbili na viti viwili ambavyo nitavitengeneza kwa mbao zangu, nitavipeleka kwa mkokoteni wangu, na baada ya miaka minne sitaambiwa viko wapi.

Kwa hiyo mhazini wa kamati, jirani yangu, najua unasoma kwa sababu gazeti lenyewe huwa unaazima kwangu: mkutano ujao weka mapato na matumizi ajenda ya kwanza, kabla ya salamu za viongozi, wingu halijakusanyika. Njoo na daftari na risiti. Soma polepole, kwa sauti, na ukifika kwenye mstari wa madawati usiuruke. Mimi nitakuwa nimekaa mbele.